Jakuzi na Kikombe cha Bati

Siku niliyorudisha funguo za atelie, karakana yetu, mliniomba niseme maneno machache. Nikasema matatu, mkapiga makofi, tukaenda kula. Tangu hapo mke wangu ananiambia nimekuwa fundi wa kukaa, na kwamba kazi hiyo sina kipaji nayo. Kwa hiyo nimenunua daftari. Nawaandikia ninyi mnaobaki na ufunguo wa bomba mkononi hapa Likasi, hasa wewe uliyerithi sanduku langu la vyombo ukaniuliza mbele ya watu kwa nini mle ndani kuna kikombe cha bati kilichopinda mdomo. Nilikuahidi jibu, na jibu lenyewe ni refu kidogo.

Kazi niliianza kwa Papa Ngoie, fundi wa mabomba aliyezijua nyumba za zamani za mjini kwa upande wa chini. Ukimtajia familia fulani, hakukumbuka majina ya watoto. Alikumbuka vali yao imekaa wapi. Siku ya kwanza nilifika nimevaa suruali iliyopigwa pasi. Akaniangalia kuanzia juu mpaka chini, akauliza, "Weye ulikuya ku kazi ao ku ndoa?" Halafu akanisimamisha mbele ya ubao uliofungwa vali kumi na mbili, akaniambia nifungue na kufunga. Nilifungua na kufunga kwa wiki mbili. Wiki ya kwanza nilidhani ananidharau. Mwisho wa wiki ya pili, macho nimeyafumba, niliweza kumwambia ipi imeliwa na kutu na ipi mpira wake umechoka. Mpaka leo mkono wangu wa kulia unasikia vizuri kuliko sikio langu la kushoto.

Ufunguo wangu wa kwanza wa bomba alininunulia dada yangu mkubwa, Yaya Feli, kwa faida ya unga wake wa muhogo. Yaya Feli ndiye aliyenilea baada ya mama yetu kufariki, na amekuwa akiuza unga pale mtaani Kikula tangu nikiwa na meno ya utoto. Muhogo wake unatoka upande wa Kapolowe. Anaumenya, anauloweka siku tatu au nne mpaka unalainika na uchungu unatoka, anauanika, anausagisha. Bukari, yaani ugali, ya unga wake haina mchanga, na watu wanavuka barabara mbili kuufuata. Tatizo lake lilikuwa moja tu, vyombo vya kulowekea. Alikuwa na mapipa mawili yanayovuja, na mimi, mdogo wake fundi wa mabomba, niliyaziba mara nyingi kiasi kwamba viraka vilikuwa vingi kuliko pipa.

Sasa niwakumbushe desturi yetu, ile mnayoipenda kuliko zote: kinachotoka ni cha fundi. Ukiweka beseni jipya, la zamani unaondoka nalo. Katika mji huu hakuna kinachotupwa. Bafu la chuma linakuwa hori la nguruwe, tangi la maji moto linakuwa jiko la mkaa, bomba linakuwa mguu wa kitanda. Watoto wangu sita wamelala juu ya vitanda vya bomba la inchi moja na nusu, na hakuna kitanda kilichowahi kuvunjika.

Desturi hiyo ndiyo iliyonitia aibu mwaka wangu wa tatu. Tulikwenda kubadilisha bomba kwenye karakana moja iliyokuwa imefungwa, nikatoa pipa zuri la plastiki, la bluu, lenye kifuniko chake. Nililisugua kwa sabuni na mchanga mara tatu. Harufu ikaisha, nikampa jirani yangu mmoja, mama aliyekuwa anajiandaa kwa ubatizo wa mjukuu na hakuwa na pa kuweka maji. Alilijaza jioni. Asubuhi alichota ndoo moja akawamiminia bata wake, na kabla hajawasha moto bata wanne walikuwa wamelala chali.

Papa Ngoie alikuja mwenyewe. Hakunipigia kelele, na hilo ndilo lililoniuma. Alilimwaga lile pipa mbali na kisima, akachukua patasi na nyundo akalitoboa kila upande mbele ya watu wote, kisha akaniuliza swali moja: "Mule ndani mulikuwaka nini?"

Nikasema, "Sijui, Papa. Nililisafisha."

"Haina vile nilikuuliza."

Kesho yake alinipa kikombe hiki cha bati. Akasema tangu siku ile, tangi lolote, pipa lolote, bomba lolote nitakalomkabidhi mtu, maji ya kwanza nitakunywa mimi, na mwenye nyumba ananiona. Kama kikombe hakipandi mdomoni, kitu hakitoki mkononi mwangu. Ninyi mmesoma, mtaniambia kikombe hakipimi sumu. Najua. Hata Papa Ngoie alijua. Lakini mtu anayejua kwamba baada ya saa mbili atakunywa, anauliza maswali yote kabla ya saa mbili hizo. Na swali la kwanza alinifundisha kumuuliza zamu, yule mlinzi anayekaa langoni, kwa sababu wapangaji wanahama na wenye nyumba wanahama, lakini zamu anabaki palepale na kiti chake.

Miaka ikapita. Papa Ngoie alizeeka, akafariki, na kwenye msiba wake niligundua kwamba bomba la uani kwao lilikuwa linavuja, tukalitengeneza kabla ya mazishi kwa sababu tuliona haya. Nilifunga tangi za shule mbili na za zahanati moja. Nilitafuta kwa siku tisa mvujo uliokuwa unazamisha chumba cha katekista mmoja, mpaka tukagundua kwamba maji yalikuwa yanatoka kwa jirani na yeye mwenyewe jirani alikuwa analalamika kwamba hana maji. Kote huko kikombe kilikuja nami. Kilipinda mdomo nilipokikalia mara moja juu ya baiskeli.

Halafu, miaka sita kabla sijastaafu, ikaja jakuzi.

Mwenye nyumba alikuwa mjane aliyehamia Lubumbashi kwa mwanawe, naye alinipigia simu. Alikuwa na villa mjini ambayo wapangaji wa migodini walikuwa wamepanga mmoja baada ya mwingine. Mmoja wao, wa zamani, aliweka uani lile beseni kubwa la watu sita, lenye maji moto na mapovu. Sasa nyumba ilikuwa tupu, jakuzi haifanyi kazi, naye alitaka mahali pake ajenge jiko la nje. "Fundi, utoshe ile kintu," akasema, maana yake niitoe pale. "Ukiitosha, ni yako."

Nilikwenda kuitazama siku ya Jumatatu. Jamani, ilikuwa nzuri. Nyeupe, ndani laini kama sahani, kina cha kufika kiunoni, haina ufa hata mmoja. Sikuona jakuzi. Niliona muhogo. Niliona magunia manne ya muhogo yamelala mle ndani kwa raha, na Yaya Feli amesimama kando hana tena haja ya kuniita kuja kuziba viraka. Pale pale nikampigia simu.

Hapo ndipo kosa langu lilipoanza, na nalisema wazi ili mlijue. Zamu wa nyumba ile, Papa Donati, alikuwa amekaa langoni, kiti chake kilekile. Nilimsalimia, nikamuuliza habari za watoto, nikapita. Swali lenyewe sikuuliza. Kitu ukishakipangia mahali pa kwenda, huoni tena kilikotoka.

Jumatano asubuhi nilirudi na mwenzangu Mukendi, fundi mwenye nguvu na mwenye kupenda kuimba nyimbo za kanisani akiwa amebeba vitu vizito. Kwa wale watakaokutana na chombo cha namna hii, kazi inakwenda hivi. Kwanza umeme, kwenye sanduku kuu la nyumba, na usimwamini aliyekuambia kwamba umekatwa, pima mwenyewe. Kisha fungua kifuniko cha chini, toa maji yaliyobaki kwa mpira. Kisha mbao za pembeni, moja moja. Nyuma ya mbao utakuta povu gumu la kuzuia joto, na ndani ya povu utakuta panya, ambao wameishi humo vizuri kuliko mpangaji. Baada ya hapo pampu, kipashio cha joto na chujio. Mwisho ndilo ganda lenyewe, ambalo halipiti langoni ila limesimamishwa kwa ubavu.

Tulipokuwa kwenye pampu, nje ya lango watu walikuwa wamekwisha kusanyika. Habari ilikuwa imetembea. Mchungaji wa kanisa dogo la jirani aliitaka jakuzi kwa ajili ya ubatizo, akasema waamini wake wamechoka kupelekwa mtoni na wengine wanaogopa baridi. Mzee mmoja aliitaka kwa samaki. Niliwaambia wote kwa fahari kwamba imekwisha kupata mwenyewe. Saa hiyohiyo Yaya Feli akapiga simu: magunia manne yamefika, yeye na majirani wawili wamekwisha kumenya mawili, na tofali za kuikalisha jakuzi zimepangwa uani. "Fanya mbio, mudogo. Muhogo ya kumenya haingojake muntu."

Nikafungua chujio. Ndani yake palikuwa na mchanga. Mchanga kwenye chujio si ajabu, lakini huu ulikuwa mweusi, una rangi ya manjano pembeni, na ulikuwa mzito mno mkononi. Ngumi moja ya mchanga ule ilikuwa na uzito wa tofali. Nikapapasa chini ya viti vya jakuzi, kwenye kona, nikatoa mwingine. Mukendi akaacha kuimba.

Nilitoka nikaenda langoni na kumwuliza Papa Donati, siku mbili baada ya siku niliyopaswa kumwuliza.

"Papa Donati, mule ndani mulikuwaka nini?"

Akaangalia chini. "Minye nilizani unajua, fundi."

"Sijui."

"Ule muntu wa mwisho, mbele ya kuhama. Balikuwa banamuletea mawe mu mifuko, banayasafishia mule. Banasema inatoka kule Shinkolobwe. Sijui kama ni kweli. Mi nilikuwa nafungua paka lango tu."

"Na hukuniambia?"

"Hukuniuliza," akasema.

Wasomaji wa hapa hawahitaji kuelezwa kwamba Shinkolobwe ni mgodi wa urani, mawe yenye mionzi inayoua polepole, wala kwa nini ulifungwa. Sikuwa na chombo cha kupima. Huenda Papa Donati alidanganywa, huenda yalikuwa mawe ya kawaida ya kobalti. Nilirudi uani, nikakaa juu ya ndoo, nikatoa kikombe kwenye sanduku. Nilijisemea: tuseme tumeisugua, sabuni, mchanga, mara tatu, mara kumi, tumeijaza maji safi ya bomba. Je, utakunywa? Nilikishika kile kikombe kikavu, nikajaribu kukipandisha mdomoni, na mkono haukukubali. Nilikuwa tayari kumpa dada yangu aloweke humo chakula cha nusu ya Kikula, na mimi mwenyewe sikuweza hata kukigusisha mdomo kikombe kisicho na maji.

Mukendi akasema kwa sauti ya chini, "Tumupatie mutumishi wa Mungu. Ye anabatiza tu, haina ya kukula."

"Mukendi, wewe unaweza kuingiza mtoto wako humo?"

Akainama kuchukua msumeno.

Niliwapigia simu watu wa serikali wanaohusika na mawe ya namna ile, wakasema watafika kesho au keshokutwa. Nikampigia na Yaya Feli asimenye zaidi, simu ikaita bila kupokelewa, mikono yake iko kwenye muhogo. Lakini jakuzi nzima, nyeupe, uani, na kundi lile langoni, nilijua isingemngoja mtu mpaka keshokutwa. Ingepita juu ya ukuta kwa miguu yake. Ilibidi niifanye kitu ambacho hakiwezi kushika maji tena. Tulifunga vitambaa puani na mdomoni, tukavaa glavu, tukakata kwa msumeno wa mkono, Mukendi akimwagia maji kidogo kidogo mahali pa kukata ili vumbi lisiruke. Mashine ingekwisha kazi kwa nusu saa, ila ingetulisha vumbi lote. Tulikata kwa muda wa saa nne. Vipande kumi na saba, pamoja na chujio na mchanga wake na maji ya msumeno, vyote ndani ya turubai, turubai ndani ya chumba cha vyombo, kufuli juu yake. Watu langoni waliangalia kama wanaona mtu anachoma gari zima. Mchungaji aliniuliza kama nimelewa.

Na kweli, siku ya pili watu wale wa serikali walikuja na kifaa chao, wakakisogeza kwenye chujio, kikaanza kulia. Kwenye ganda kililia kidogo zaidi. Walipakia kila kitu, wakaniandikia karatasi, wakatuambia tukabidhi na glavu zetu na suruali zetu. Mukendi alirudi nyumbani amevaa koti la mvua la Papa Donati, na hilo hataki liandikwe.

Lakini Jumatano ile sikuwa na kifaa wala karatasi. Nilikuwa na dada mwenye magunia manne ya muhogo uliomenywa. Nilikwisha kuoga mara mbili kwa bomba la uani kabla ya kwenda kwake. Niliingia Kikula saa tisa alasiri, nikamkuta amesimama kando ya tofali zake, amezifagia.

"Iko wapi?"

"Yaya, nimeikata."

Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema maneno ambayo sitayaandika, kwa sababu wajukuu wake wanajua kusoma. Alisema mimi ni mtu wa kuhesabu mabomba ya wazungu na kusahau ufunguo ulitoka kwa nani. Alisema muhogo ule ndio ada za shule za muhula mzima. Kilichoniuma ni kwamba hilo la ada lilikuwa kweli. Muhogo uliomenywa ukikaa hewani mpaka kesho unaanza kuwa na michirizi ya bluu, na hakuna anayeununua unga wake.

Basi nikafanya kazi ambayo haimo katika ufundi wowote. Nilianza na nyumba ya kulia, nikagonga. "Mama, mupo na beseni? Mupo na ndoo?" Nikaenda ya kushoto. Nikaenda ya ng'ambo. Mukendi akachukua upande wa juu wa barabara, na huko aliimba ili wafungue haraka. Watu walitoa kila kitu: mabeseni ya kufulia, sufuria za misiba, ndoo za rangi, bafu la mtoto lenye picha ya bata. Na katika kila nyumba, kabla muhogo haujaingia, niliuliza swali langu, hata kwa wale waliochukia kuulizwa. Ndoo nne nilizikataa. Tulizunguka na muhogo kwenye kigari cha kusukuma, kilo kadhaa hapa, kilo kadhaa pale, na kabla jua halijazama magunia yote manne yalikuwa majini, yametawanyika katika nyumba ishirini na moja.

Siku nne barabara yote ilinuka muhogo unaoiva. Siku ya tano Yaya Feli alipita nyumba kwa nyumba kukusanya, na kila nyumba alikaa akaongea, kiasi kwamba ukusanyaji ulichukua siku nzima. Haukupotea hata mzizi mmoja. Ada zililipwa. Lakini kwangu hakuja, wala salamu hakutuma. Tulionana kanisani, akanipa mkono ule wa amani kwa vidole viwili.

Wakati huo nilikuwa najenga. Kila Jumamosi nilikwenda uani kwake bila kuomba ruhusa, naye alikuwa anaingia ndani akifunga mlango. Juu ya tofali zilezile nilijenga beseni la saruji, refu kuliko jakuzi, lenye mteremko kuelekea bomba la kutolea maji, na ndani nikaweka vigae vipya. Nasema vipya. Katika maisha yangu yote ya kazi, hicho ndicho chombo pekee nilichowatengenezea watu wangu bila kuweka hata skrubu moja iliyotoka kwenye nyumba ya mtu mwingine. Nililijaza maji na kuyamwaga mara saba, ili ukali wa saruji utoke. Na ninyi mkijenga, msipunguze mara hizo. Hakuna tangi nililolifunga, la shule wala la zahanati, ninalojivunia kuliko lile.

Jumamosi ya mwisho nililijaza mara ya nane. Mlango ukafunguliwa. Yaya Feli akatoka, akazunguka beseni lote polepole, akapitisha kidole kwenye kila kiungo cha vigae. Kisha, bila kuniangalia, akauliza:

"Umu ndani mulikuwaka nini?"

"Hamukukuwa kitu, Yaya. Ni mupya yote."

Nikafungua sanduku, nikatoa kikombe cha bati, nikachota. Nilikuwa nimekiinua tayari, kama nilivyofanya katika kila nyumba ya mji huu tangu mwaka wangu wa tatu, maji ya kwanza ya fundi, mwenye nyumba anaona. Yaya Feli alininyang'anya kikombe mkononi, akaninyamazisha kwa kidole, na akakunywa yeye mpaka tone la mwisho.